Kiunzi Kisicho na Matundu

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alipofika kwetu alikuta tunapaka rangi, akaambiwa asubiri ikauke, akasubiri mpaka akachoka, akaenda zake. Kwa hiyo hatumo. Lakini tupo, tena tunang'aa.

Kupaka rangi tunakujua jamani, tusidanganyane. Baba Mzinduzi, ambaye ndiye kiongozi wetu na ndiye anayezindua kila kitu, akitangaza kuwa atapita mahali, Wizara ya Mwonekano hutangulia na makopo. Mawe ya kando ya barabara yanapakwa. Mashina ya miti yanapakwa mpaka usawa wa kiuno. Kuta zinapakwa upande unaotazama barabara, na upande wa pili wanaachiwa wenye nyumba. Kuna mbuzi wa jirani yetu alisimama kutafuna gazeti msafara ukiwa karibu, naye akapakwa. Mpaka leo jirani anatamba kuwa anafuga mbuzi wa serikali, na ukimkaribia na kisu anakuuliza kama una kibali.

Tusichokipenda ni matundu. Zamani tulikuwa nayo mengi: barabarani, kwenye mapaa ya shule, kwenye mabomba ya maji. Siku moja Baba Mzinduzi akasimama uwanjani akatangaza kuwa nchi imemaliza matundu, na tangu siku hiyo hatuna. Gari likizama barabarani mpaka usawa wa vioo, tunasema limepumzika. Mvua ikiwanyeshea watoto darasani, mwalimu anawaambia leo tunajifunza maji. Mambo yanakwenda.

Mimi naitwa Kibwana. Napiga ngoma kwenye kikundi cha mapokezi, kile kinachosimama uwanja wa ndege Baba Mzinduzi anapoondoka na anaporudi. Dada yangu Siwatu alikuwa mchezaji wa mbele. Kwa kawaida mchezaji hufuata ngoma. Kwa Siwatu ilikuwa ngoma inamfuata yeye. Alikuwa na mkanyago wake wa mguu wa kulia, anauinua, anauchelewesha hewani kidogo kama anayesahau, halafu anaushusha, na hapo mikono yangu yenyewe inajua cha kufanya. Wazazi wetu walipofariki, mguu ule ndio ulionilea. Alicheza harusini, alicheza unyagoni, alicheza kwenye uzinduzi wa vitu ambavyo hata sasa sijui vilikuwa nini. Mimi nikala, nikasoma kidogo, nikakua. Nautaja mguu mapema ili ujue kabisa hadithi hii inahusu nini. Usije ukadhani inahusu maendeleo.

*

Siku ya kuvunjika kwake, Baba Mzinduzi alikuwa anarudi kutoka nchi fulani alikokwenda kupokea nishani ya unyenyekevu. Tulijengewa jukwaa. Mbao zake zilikuwa za zamani, mchwa walishakula wakashiba wakahama, lakini Wizara ilizipaka bluu nzuri sana, ile ya anga baada ya mvua. Tukapanda. Nikaanza kupiga. Siwatu akainua mguu, akauchelewesha, akaushusha.

Jukwaa likafunguka. Dada yangu akapotea mpaka kifuani.

Nilisikia anavyolia katikati ya zile mbao. "Kibwana! Mguu wangu! Kibwana!" Nikainuka, na kiongozi wa kikundi akanikazia macho, kwa sababu mlango wa ndege ulikuwa umeshafunguliwa. Nikakaa. Nikapiga. Jioni redio ikatangaza kuwa jukwaa la uwanja wa ndege liliinama kwa heshima mbele ya Baba Mzinduzi, na kwamba mchezaji mmoja, kwa uzalendo, aliungana nalo. Watu mtaani walinipa hongera.

*

Hospitali walisema mfupa wa muundi umesagika. Si kuvunjika tu, umesagika, na kipande cha katikati hakipo tena, kimebaki vumbi na vijipande. Mguu wakaushikilia kwa vyuma vya nje, vimepenya nyama vikatokea upande wa pili, na katikati ya mfupa pakabaki pengo. Siwatu akauliza kama mfupa utajifunga wenyewe. Wakamwambia pengo ni kubwa, mfupa hauwezi kuruka.

Basi hapo ndipo tulipompata Daktari Tumpale. Mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, viatu vyake vya raba vimechakaa. Alikuwa na mashine kwenye chumba kidogo karibu na stoo, mashine ya kuchapa vitu, siyo karatasi, vitu vyenyewe, vyenye urefu, upana na kina. Alitupeleka tukaiona, mimi nikisukuma kiti cha dada.

"Umewahi kumwona mtu anapamba keki?" alimuuliza Siwatu. "Anakamua, anazungusha, tabaka juu ya tabaka. Hii nayo hivyohivyo. Nimepiga picha pengo la mfupa wako, mashine inachapa kipande kinachoingia pale pale, hakizidi wala hakipungui. Tunakiita kiunzi."

Akatuonyesha chake, kimeshachapwa. Kilikuwa kirefu kiasi cha kidole, cheupe, chepesi, na kimejaa vitundu kila upande. Siwatu akakishika kwa kitambaa.

"Mbona kama dodoki?" akauliza.

"Ni dodoki kweli. Mfupa unaingia humo kwenye vitundu, unatambaa, unakutana na mwenzake wa upande wa pili. Halafu nimekipaka utando mwembamba, huwezi kuuona, wa madini yaleyale yaliyomo kwenye mfupa. Mwili wako ukiugusa unadhani umefika nyumbani, chembe za mfupa zinakuja kukaa."

"Na hiki kitabaki mguuni mwangu siku zote?"

"Hakibaki. Mfupa ukishakua, chenyewe kinayeyuka pole pole mpaka kinakwisha. Unabaki na mguu wako tu."

Siwatu alikirudisha kwa daktari. Kisha akaniangalia na macho yake yamejaa maji, akasema, "Mdogo wangu, nitakanyaga tena." Wallahi nilifurahi siku ile. Nilifurahi mpaka nikapiga ngoma kwenye mlango wa stoo kwa vidole.

"Tukiweke lini?" nikamuuliza daktari.

"Kesho asubuhi. Kidonda ni kisafi sasa. Tukichelewa vijidudu vitaingia, na vikiingia sitaweza kuweka kitu humo. Itabidi tukate."

*

Ingekuwa nchi nyingine, hadithi ingeishia kesho asubuhi. Lakini mganga mfawidhi wa hospitali alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yake alishindwa kuimeza. Aliwapigia simu wakubwa kuwaambia hospitali yetu imechapa mfupa. Na kwetu, kitu kipya hakitumiki kabla hakijazinduliwa. Siyo sheria, hakuna aliyewahi kuiona imeandikwa. Ni adabu tu. Daraja la mtoni lilikaa limekamilika huku watu wanaogelea chini yake, wanaliinulia macho na kulisifu.

Kesho yake asubuhi, Siwatu akiwa ameshavaa gauni la upasuaji, akaingia Bwana Ngwali, Mkurugenzi wa Mwonekano. Mtu mnene kidogo, suti ya kijivu, jasho, na nyuma yake vijana wawili wenye makopo. Akasema amekuja kuona mradi. Daktari Tumpale akamwonyesha kiunzi ndani ya kisahani chenye mfuniko.

Bwana Ngwali akafunua. Akakichukua kwa mkono wake mtupu. Daktari akafumba macho kama aliyeumwa jino. Yule bwana akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia, na upande wa pili akaliona jicho la daktari linamtazama.

"Kina matundu," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Matundu ndiyo yanayofanya kazi."

Mganga mfawidhi akakohoa.

"Daktari," alisema Bwana Ngwali taratibu, "katika nchi hii matundu yanafanya kazi gani?"

Daktari akaeleza. Alieleza vizuri, kwa lugha ya kawaida, kama alivyotueleza sisi. Bwana Ngwali alisikiliza huku anaitikia kwa kichwa, mpaka daktari alipofika kwenye kuyeyuka.

"Subiri hapo. Kinapotea?"

"Kinapotea, ndiyo. Hiyo ndiyo dalili kwamba kimefanikiwa."

Bwana Ngwali akakaa kitandani kwa dada yangu bila kuangalia, karibu na vile vyuma, na Siwatu akapiga yowe. "Pole mama, pole sana," akasema, akasogea. Alikuwa amechoka kweli, nilimwona.

"Daktari, naomba unielewe. Zahanati ya kule bondeni ilipotea, tukaulizwa maswali. Matrekta yalipotea, tukaulizwa maswali. Sasa wewe unachukua kitu chenye matundu, ambacho halafu kinapotea, unataka kukiweka mbele ya Baba Mzinduzi, tena televisheni ipo. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mheshimiwa. Huyu mama amepoteza mfupa."

"Mama hajapoteza kitu. Mama aliungana na jukwaa." Akageuka. "Au siyo, mama?"

Siwatu akasema, "Mheshimiwa, mimi naomba mguu tu."

"Utapata mguu! Nani kasema hupati?" Akawaita wale vijana. "Hiki kijazwe matundu yote. Kipigwe lipu, kilainishwe kwa msasa, kisha kipakwe."

"Kimeshapakwa!" daktari alisema, na sauti yake ikapanda. "Kina utando. Ukikijaza na kukipaka hakifai tena, mwili utakikataa."

Uso wa Bwana Ngwali ukachangamka ghafla. "Kimeshapakwa? Kumbe tunaelewana! Kimepakwa rangi gani?"

"Hakina rangi."

"Hakina rangi, halafu kimepakwa." Akatazama vijana wake, wale vijana wakatazama makopo yao kwa huruma. "Daktari, pumzika kidogo. Umefanya kazi kubwa. Haya mengine tuachie wataalamu."

*

Daktari Tumpale hakupigana nao. Alisubiri watoke na kile kisahani, akaniinamia sikioni. "Waende nacho. Wakakipake hata maua. Mimi nachapa kingine sasa hivi."

Tukaenda kwenye chumba cha mashine karibu tunakimbia. Tulipofika, mashine ilikuwa imefungwa utepe.

Utepe mwekundu wa hariri, umezungushwa mara moja, mbele umefungwa ua kubwa. Hapakuwa na kufuli. Hapakuwa na askari. Mlango ulikuwa wazi, mashine imewashwa, kitaa chake cha kijani kinawaka. Ungeweza kuupuliza utepe ule ukasogea. Lakini ule ni utepe wa Baba Mzinduzi, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kuukata isipokuwa yeye. Kuna mtu alinaswa ndani ya choo cha stendi kilichofungwa utepe kwa nje kabla hajatoka. Alisubiri. Siku ya uzinduzi akatoka, akapigiwa makofi, akawa mtumiaji wa kwanza.

Tulisimama pale, daktari, mimi, na Siwatu kwenye kiti chake. Daktari akatoa mkasi mfukoni mwa koti. Ni mkasi wake wa kazi, umeshakata ngozi za watu na nyama za watu, nimemwona mwenyewe akiutumia mkono hautetemeki. Akausogeza kwenye utepe. Mkono ukaanza kutetemeka.

"Kata, daktari," Siwatu alisema.

"Nakata."

"Kata basi, dada yangu. Ni kitambaa tu hicho."

"Najua ni kitambaa." Jasho lilikuwa linamtoka. "Najua, mama. Ngoja."

Tukangoja. Muuguzi mmoja akapita kwenye korido, akaona, akageuza uso akaongeza mwendo. Daktari akashusha mkono. Akanitazama mimi, akaninyooshea mkasi. Niliupokea. Ulikuwa wa baridi. Nami naapa, niliupeleka mpaka kwenye hariri yenyewe, nikaona nyuzi zake moja moja, na vidole vyangu, hivi vinavyopiga ngoma kutwa bila kuchoka, vikakataa kufunga. Nilivilazimisha. Vikakataa. Nikaanza kulia kama mtoto.

"Nipeni mimi," Siwatu akasema, akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti. Hakufika. Tungemsogeza, angefika. Hatukumsogeza.

Hakuna aliyetushika, hakuna aliyetukataza. Nimelifikiria jambo hili sana na bado silielewi.

*

Tarehe ya uzinduzi ikapangwa, ikaahirishwa. Baba Mzinduzi alikuwa na kazi nyingi. Alikwenda kuzindua mvua za vuli, ambazo zilikuwa zimeanza kunyesha bila ruhusa, ikabidi kwanza zikanushwe. Halafu akazindua mnara wa kumbukumbu ya mnara uliokuwepo hapo kabla. Kila tukisikia ni wiki hii, wodi inapakwa upya. Vitanda vilipakwa, ndoo zilipakwa, drip ya mgonjwa wa jirani ilipakwa chupa mpaka wauguzi wakawa hawaoni maji yamefika wapi. Harufu ya rangi ilitusaidia, kwa sababu mguu wa Siwatu ulikuwa umeanza kunuka.

Usaha ulitoka kwenye matundu ya vyuma. Nasema matundu, mnisamehe, mguuni yalikuwepo. Homa ikampanda. Ngozi ya muundi ikawa nyeusi chini, nyekundu juu, na wekundu ule ukawa unatembea kuelekea gotini. Daktari Tumpale alikuwa anausafisha na kuchora mstari kwa kalamu mahali wekundu ulipofika, na kila akirudi umeuvuka.

Ikafika siku akasema hakuna budi. Akamwita Bwana Ngwali kwa simu, mbele yetu, na Bwana Ngwali akaja mbio.

"Mheshimiwa, mguu umekufa. Nikiuacha utamchukua na yeye mwenyewe. Leo nakata chini ya goti. Nikichelewa nitakata juu, na nikichelewa zaidi hapatakuwa na wa kumkata."

Bwana Ngwali akapangusa jasho. "Huwezi kukata. Yeye ndiye mnufaika. Mradi ni wa mguu. Sasa Baba Mzinduzi akija akakuta mnufaika hana mguu, tumeuzindua mradi gani?"

"Atakufa!" mimi nilisema. Nilipiga kelele, sikujali. "Huyu ni dada yangu, ni yeye tu niliye naye, atakufa huyu!"

Nilidhani ataita askari. Hakuita. Alinishika bega, akanivuta mpaka dirishani, akanong'ona kama mtu mwenye aibu. "Kijana, unadhani mimi sina dada? Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliacha tundu moja kwenye ukuta wa bandari. Dogo tu, la panya. Unajua yuko wapi?"

"Yuko wapi?"

"Hata mimi sijui." Akaachia bega langu. "Ni kesho. Nimehakikishiwa kesho. Mwambieni avumilie mpaka kesho, jamani, nawaombeni." Kisha akatoa chupa ya marashi kwenye mkoba wake, marashi ya bei mbaya, akaunyunyizia mguu mwenyewe kwa mkono wake, huku amegeuza uso pembeni.

Siwatu alikuwa anamtazama. "Unanukia, mheshimiwa," akamwambia. Sijui kama alikuwa anamcheka. Homa ilikuwa imeshampeleka mbali.

*

Kesho ikafika, na kweli akaja. Viwanja vya hospitali vilijaa. Wagonjwa wanaoweza kusimama walisimamishwa, na wasioweza wakafunikwa shuka mpya mpaka kichwani ili wafanane. Mimi nilikuwa na ngoma yangu mbele, kwa sababu kikundi cha mapokezi ni kikundi cha mapokezi. Siwatu waliweka kitanda chake juu ya zulia. Bendeji zake walikuwa wamezipaka rangi za taifa.

Na kiunzi kilikuwa juu ya mto wa mahameli. Jamani, kilikuwa kizuri! Lazima niseme ukweli. Kimejazwa, kimelainishwa, kimepakwa rangi za taifa kwa mistari mizuri, juu yake vanishi, unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Baba Mzinduzi alikizunguka mara kadhaa. Akakiinua kwenye jua, akafumba jicho moja.

"Sioni hata tundu moja," akasema kwenye kipaza sauti.

Vigelegele. Bwana Ngwali alifumba macho kwa raha.

"Ndugu wananchi! Wapo waliosema nchi hii haiwezi kutengeneza mfupa. Waliosema hivyo wenyewe wana mifupa ya kurithi! Mfupa huu haukutoka kwa mama wala kwa baba, umetoka serikalini! Ni mfupa imara! Ni mfupa wa kudumu! Nauliza, utapotea huu?"

"Hautapotea!" tukajibu.

"Una matundu?"

"Hauna!"

Wakamletea mkasi wa dhahabu. Akakata utepe wa mashine, ile mashine walikuwa wameitoa nje, wameipaka nayo, na kitaa chake cha kijani hakiwaki tena. Nikapiga ngoma. Nilipoangalia upande wa wauguzi nikamwona Daktari Tumpale amesimama tayari na kitanda cha magurudumu na watu wake, glavu mkononi, anasubiri makofi yaishe ili amchukue mgonjwa wake akaokoe kilichobaki.

Makofi yakaisha. Baba Mzinduzi bado alikuwa ameshika kiunzi.

"Lakini hebu nielezeni," akasema. "Kitu kizuri namna hii, mnataka kwenda kukizika ndani ya mguu wa mtu? Nani atakiona?"

Bwana Ngwali akafikiri haraka kuliko nilivyowahi kumwona mtu anafikiri. "Ndivyo tulivyokuwa tunajiuliza na sisi, Baba."

"Kiwekwe uwanja wa ndege. Ndani ya kioo. Mgeni akishuka, kitu cha kwanza anaona mfupa wetu." Akamgeukia Siwatu, kwa upole wa kweli, akamwinamia na kipaza sauti. "Mama, unasemaje? Unaridhia kulitolea taifa mfupa wako?"

Uwanja wote ukasubiri. Dada yangu akafungua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Naomba," akasema, na spika zikalirusha neno lile mpaka nje ya geti, "naomba mguu wan..."

Watu wakapiga makofi. Walianza nyuma, hawakusikia vizuri, wakadhani ameshamaliza. Kiongozi wa kikundi akanikazia macho.

Nikapiga.

*

Alikatwa siku ile ile, mara tu msafara ulipoondoka. Juu ya goti. Daktari Tumpale alikata vizuri, mkono haukutetemeka hata kidogo, na Siwatu hakufa. Nashukuru. Daktari baadaye alihamishiwa Wizara ya Mwonekano kama mshauri wa tando, ana ofisi na kiti cha kuzunguka. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, tunaachana.

Kiunzi kipo uwanja wa ndege, ndani ya kioo, kina taa yake. Hakijapotea. Chini pameandikwa kuwa ni mfupa wa kwanza wa taifa, na mchango wa hiari wa mama mzalendo. Wageni wanapiga nacho picha.

Wiki iliyopita Baba Mzinduzi alikuwa anarudi kutoka safarini, na Wizara ikaagiza kuwa mama mzalendo awe mchezaji wa mbele. Nikaenda naye. Tulikuta jukwaa limekarabatiwa, yaani ni lile lile, limepakwa upya, mara hii kijani. Wenzetu wakapanda. Siwatu akasimama chini na magongo yake mawili, anazitazama zile mbao.

"Kibwana," akasema, "tangulia wewe, uliangalie."

Nikapanda. Nikapiga magoti nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole, pale pale atakaposimama. Mimi ni mpiga ngoma, nikigonga kitu najua ndani mna nini. Nikagonga tena pembeni. Nikagonga tena. Juu yangu ndege ilikuwa inashuka, na Bwana Ngwali alikuwa amesimama ngazini na kitambaa chake cha jasho, ananitazama mimi, siyo ndege.

"Likoje?" Siwatu akauliza.

Nilitaka kumwambia. Mungu anajua nilitaka.

"Limepakwa vizuri, dada," nikasema.

Aliutazama mkono wangu uliokuwa bado juu ya ubao. Kisha akanipa gongo moja nimshikie, akashika mkono wangu, akapanda.

"Haya," akasema. "Piga."